Lampe Mbili na Kostime ya Papa Sébastien

Siku ya Mungu, tarehe 2, mwezi wa sita 2024

Leo watu watatu tu. Watatu! Na mumoja alikuja kuomba chumvi.

Miaka kumi na moja, kila siku ya Mungu nyuma ya misa, kartie nzima inakujaka mu kiwanja ya parsele yetu kusikiliza diske za bwana yangu, Papa Sébastien. Alizinunua moja-moja wakati alikuwa anatumika ku reli. Kila gare ya treni, diske yake. Sasa iko nazo makumi sita na tatu. Watu wanakaa, turnediske inazunguka, wanakunywa, wanaongea. Na miye ninasikiliza. Si muziki. Watu!

Sasa Mama Hélène, wa ngambo ya barabara, alileta bafle ya muziki, ya blutut. Kubwa kama kabati. Inawaka nyekundu, kijani, buluu, kama inakasirika. Watu wote wakahamia kwake. Na habari inafuataka watu. Elsa, binti ya Papa Delphin fundi wa radio, anaolewa tarehe 15, na miye nilijua nyuma ya siku mbili! Nani aliniambia? Muntu wa kuuzisha mbuzi. Alifikiri ninajua. Nikatikisa kichwa kama ninajua. Haya ilinila mpaka ku visigino.

Si kama nilikaa tu. Juma moja nilipanga kutoa mandazi. Nilimwambia tu Mama Cécile, rafiki yangu, siri kabisa. Siku ya Mungu Hélène akatoa mandazi, na sukari juu! Juma ingine nikapanga kuanza muziki mapema, wakati watu wanatoka misa. Nilimwambia tu Cécile. Hélène akaanza wakati wanaenda misa.

Nimefikiri sana. Ugonjwa nimeupata. Iko mu kinywa yangu.

Bon. Toka leo ninanyamaza. Nimenunua kaye hii. Maneno yote itaingia humu. Papa Sébastien aliposikia ile, akanishika kipaji ya uso, kuangalia kama niko na homa.


Siku ya kwanza, tarehe 3

Papa amekwenda Mpala na boti ya asubuhi. Paa ya dada yake inavuja. Atarudi siku ya Mungu nyuma ya saa sita. Simu yake ameisahau kwa kichwa ya kitanda. Muzuri. Nyumba ni yangu.

Nikakamata preampli yetu, kile kisanduku kidogo kinakaaka katikati ya turnediske na ampli ya kupeleka sauti mu bafle, nikapeleka kwa Papa Delphin. Siku hizi inapiga kelele ya nyuki. Muimbaji anaimba, nyuki wanaimba naye.

Delphin akaifungua. Akaniangalia sawa munganga anaangalia famili ya mugonjwa. Akanifasiria. Eti sindano ikipita juu ya diske, inatoa sauti ndogo sana, kama munong'ono. Ampli haiwezi kuisikia. Njo maana kunapashwa kuwa na mumoja katikati, anakamata munong'ono, anauongeza nguvu, kisha anaupeleka mbele.

Nikamwambia, Papa Delphin, ule mumoja wa katikati ni miye!

Akacheka mpaka chuma ya moto ya kusude waya ikamuchoma kidole.

Kisha akaniambia neno moja, na usingizi ukanikimbia toka pale. Eti kuna preampli za lampe. Si lampe ya kuangaza nyumba. Lampe ndogo za kioo, urefu wa kidole, zile zilikuwaka mu poste za radio za wazee. Yeye iko nazo mbili nzima, alizitoa mu poste moja ya zamani. Eti lampe inatoa sauti ya moto-moto, sawa muntu anaimba karibu na sikio yako. Eti watu wanaliaka! Nikamuuliza kama lampe inasema kweli tupu, ao inaongeza. Akakuna kichwa, akasema inaongezaka utamu kidogo, ule haukuwa mu diske.

Nikasema, tengeneza. Hiyo mashini ni ndugu yangu.

Hélène akae na rangi zake. Watu watalia kwangu.


Siku ya tatu, tarehe 5

Delphin hataki fedha! Anataka kostime. Binti yake anaolewa tarehe 15 na yeye iko na suruali moja tu, na ile suruali inajulikana na kartie yote.

Nikamupima na macho. Mabega. Kiuno. Urefu. Papa Sébastien mutupu!

Papa iko na kostime ya rangi ya maroni, alishonesha siku alipata pansio. Ameivaa mara mbili. Inakaa mu sanduku, na yeye anaifunguaka kila mwezi kuiangalia, kisha anafunga. Nikajiuliza, muntu wa kuangalia tu, ataona tofauti? Sanduku iko pale. Ataangalia sanduku.

Nikaitoa. Vumbi ya mwezi wa sita munaijua, inaingia hata mu yai. Nikaifunga mu shuka nyeupe, nikaibeba juu ya mikono mbili, ili isijikunje. Nikapita avenyu yote, polepole. Watu wakaacha kuongea. Papa mumoja akavua kofia. Nikasema moyoni, angalia heshima, kostime ni kostime.

Kwa kona nikakutana na Cécile. Akauliza ninabeba nini. Shuka ilikuwa imefunguka kidogo, akaona mukono wa koti ya maroni. Akauliza Papa iko wapi. Yesu Maria! Maneno ilinipanda mpaka nyuma ya meno. Kostime, Delphin, lampe, Hélène, yote ilitaka kutoka pamoja. Nikaweka kidole kwa kinywa. Nikajikaza sana, machozi ikatoka. Cécile akanitazama, akatazama ile koti, akashika kifua, akakimbia.

Sikusema hata neno moja. Mara ya kwanza toka nibatizwe.


Siku ya ine, tarehe 6

Preampli iko! Sanduku ya mbao, lampe mbili juu zimesimama sawa masista wawili. Ukiwasha, zinangojesha dakika moja ya kupata moto, kisha ndani mwake munatokea kamoto kadogo ka rangi ya asali. Dakika ile hakuna sauti. Delphin anasema muntu asiguse kitu, angoje tu.

Tulijaribu kwangu. Nguuuuu! Nyuki wamekwenda, ngombe amekuja.

Delphin akasema ni waya ya udongo. Eti ile kelele inapashwa kupata njia ya kuingia mu udongo, na miye sikuipatia njia. Akaangalia mu parsele, akaona kile kipande ya reli Papa alisimamisha zamani kwa kufungia kamba ya kuanika nguo. Akafurahi. Eti hakuna chuma muzuri kuliko ile. Lakini huu ni mwezi wa jua, udongo iko mukavu kama biskwiti. Tuchimbe shimo kwa muguu wa reli mpaka kufikia ubichi, tumwange maji na chumvi.

Sina pele ya kuchimbia. Nikaenda kwa Pascal, katekista wetu. Na kwa kuwa nilikuwa pale, nikaomba viti ya plastiki ya parokia, na bashe, ile turubai kubwa ya buluu, watu wakae mu kivuli siku ya Mungu. Pascal akauliza, Mama Émérence, kuna nini?

Kidole kwa kinywa.

Akanitazama sana. Akauliza kama Papa bado iko Mpala. Nikatikisa kichwa, ndiyo. Akauliza wanamuleta lini. Nikafikiri anasema boti. Nikamwonyesha na vidole: siku ya Mungu. Akanishika bega, akasema kuraje, Mama, jikaze. Akanipatia viti makumi tatu, bashe, pele. Na hata hakuandika jina mu registre! Pascal, ule anaandikaka mpaka vijiko!

Nilichimba miye mwenyewe. Hélène alikuwa anaangalia juu ya lupango inazunguka parsele yake, mukono kwa shavu. Hata muziki hakuweka. Wivu umemukamata.


Siku ya mposho, tarehe 8

Ngombe amekufa! Delphin alifunga waya kwa reli, nikamwanga ndoo ya maji na chumvi, kelele ikazimika pale pale. Nikaweka diske ya ndoa yetu.

Ee Mungu wangu.

Niandike nini? Gitare ya chini ilikuwa inatembea mu kifua changu na viatu. Muimbaji alivuta pumzi, nikageuka kuangalia nani ameingia mu nyumba. Nililia. Delphin akalia. Akasema, unaona?

Ile diske iko na alama moja, mwishoni. Ikifika pale, sindano inarudia maneno: "narudi, mama, narudi, narudi, narudi." Dawa ni kuweka buloni ndogo ya reli, kachuma kazito, juu ya kichwa cha mukono wa sindano. Papa njo anafanyaka ile kazi. Nisisahau buloni.

Kartie imebadilika kabisa toka ninyamaze. Muuzishaji wa samaki alinipatia mikebuka sita, akakataa bei. Cécile alifika asubuhi, akafagia parsele yangu yote, akaenda bila kuongea. Hélène akatuma gunia nusu ya makala ya kupikia. Hélène! Kumbe watu wanapenda hivi muntu mwenye kunyamaza! Kama ningejua, ningeanza mapema.

Simu ya Papa inalia toka jana, inalia tu. Nikaizima. Na yangu vilevile. Nikijibu moja, nitasema yote.


Siku ya Mungu, tarehe 9, saa sita

Ninaandika mbiombio. Mu misa, Pascal alisema mbele ya watu wote tumuunge mukono Mama Émérence mu saa hii, na nyuma ya misa kila muntu afike kwake. Nikakaa wima sawa bibi arusi. Hata kanisa inatangaza preampli yangu!

Wanaanza kuingia. Wamevaa muzuri, vikwembe za giza-giza. Viti kumi na mbili imejaa. Makumi mbili. Hélène anavuka barabara! Ninaacha kalamu!


Ileile siku, jua inaingia

Mistari inapinda. Ni kicheko.

Watu walijaa mpaka inje ya lango. Hélène alifika na kitambaa kwa kichwa, nyuma yake watu wake wote wa siku ya Mungu. Bafle alikuwa ameizima. Nikaangalia parsele yake tupu, kuku mumoja tu anatembea, nikasema Mungu iko. Alileta sufuria ya sombe, muntu wa pili akabeba ingine ya samaki. Hakuna alikuja mikono mitupu. Unga, sukari, makala. Wamama wakavua malapa, wakakaa chini kwa mikeka, miguu mbele.

Na wanalia! Delphin alisema lampe inalizaka watu, lakini hawa walianza mbele ya kuwasha! Nikasikia Hélène anaimba mu machozi: Papa Sébastien, muntu ya uvumilivu, masikio yake ilivumilia mingi! Nikafikiri anasema juu ya ile preampli ya nyuki. Nikamujibu, kweli Mama, ilivumilia. Akalia zaidi.

Nikasimama. Nikawasha lampe. Nikawaambia, na sauti ya chini, tunyamaze kwanza dakika moja.

Wote wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Vichwa chini. Dakika nzima, hata mutoto hakukohoa! Kwa Hélène watu wanapiga makelele juu ya wimbo. Kwangu wanasimama kwa heshima ya lampe mbili. Zikapata moto. Nikaweka sindano juu ya diske ya ndoa.

Gitare ikaingia. Muguu yangu ikaanza yenyewe, haijaniuliza. Nikafunga kikwembe kwa kiuno, nikazunguka mara moja, nikamushika Pascal katekista mukono aje tucheze.

Pascal akarudi nyuma, akagonga kiti. Wamama wakafunga macho ya watoto. Hélène akapiga kelele, Émérence! Unacheza, na mwili haijafika!

Nikauliza, mwili gani?

Akasema, mwili ya bwana yako!

Nikasimama na muguu moja juu. Nikaangalia. Bashe. Viti. Unga. Makala. Wamama chini, bila malapa. Ee! Nimeenda kwa vilio mia mu kartie hii, na hata siku moja sijapita kilio bila kukitambua, ila tu ile yangu!

Sasa munisikilize muzuri. Muntu mwingine angesema, hapana, bwana yangu iko muzima. Miye sikusema ile. Miye niliwaza: kumbe Papa amekufa Mpala, kartie yote inajua, Cécile anajua, Hélène anajua, muntu wa samaki anajua, na miye, Émérence, ninajua wa mwisho! Nikaanguka chini. Nikalia kilio ya kweli. Nikasema, mbona hamukuniambia! Cécile akaanguka juu yangu. Parsele yote ikapasuka na kilio.

Na katikati ya ile kilio, diske ikafika kwa alama yake. Nilisahau buloni.

Narudi, mama, narudi. Narudi. Narudi. Narudi.

Na ile sauti ya lampe, munajua, ni sawa muntu iko karibu na sikio. Watu wakaanza kunyamaza mumoja-mumoja. Narudi. Wakaanza kuangaliana. Narudi. Pascal akafanya alama ya musalaba.

Kutoka nyuma kabisa, kwa lango, sauti ikaita na hasira: Weka buloni juu ya kichwa! Muko munaharibu diske!

Papa Sébastien! Na kofia mu mukono, na samaki za Mpala mu mufuko!

Nitasema nini juu ya kukimbia? Bashe ilianguka upande moja. Kiti tatu zilivunjika. Muuzishaji wa samaki alipita juu ya lupango, na ule mama hata ku boti wanamubebaka. Papa akatembea katikati ya watu, hakuangalia muntu, akaweka buloni juu ya kichwa, wimbo ukaendelea. Kisha akageuka, akauliza nani alimwanga maji kwa reli yake.

Kumbe alikuwa amesimama kwa lango toka mbele ya ile dakika ya kunyamaza. Alitoka ku port, akaona watu, akauliza nani amekufa. Wakamwambia, Papa Sébastien wa reli. Akavua kofia. Eti alijaribu kukumbuka ni Sébastien gani. Alipojua ni yeye, Hélène alikuwa ameshaanza kuimba sifa zake, na zilikuwa za muzuri sana, akaona si adabu kumukata.

Watu wakarudi polepole, wakamugusa kwa mukono, kuona kama iko na moto. Cécile alimugusa mara tatu. Kicheko kilianza kwa wamama wa chini, kikapanda.

Na pale, mu lango, anaingia Papa Delphin, fundi wangu, anakuja kusikia sifa za preampli yake. Amevaa kostime ya maroni! Anaijaribu kwa ajili ya ndoa!

Papa akamuangalia toka kola mpaka chini. Akasema, basi ni kweli nimekufa, na miye ni ule pale.

Macho yote ikanigeukia.

Nilikuwa nimenyamaza siku saba. Siku saba! Nikafungua kinywa. Nikaanza na muntu wa mbuzi, nikaenda mandazi, nikaenda nyuki, kostime, shuka, pele, ngombe, chumvi. Sikumeza mate. Hakuna muntu alitoka. Hakuna! Hélène mwenyewe alikuwa anasema, ehe, na kisha? Viti makumi tatu, masikio mia mbili, na yote kwangu. Nilipomaliza walipiga mikono.

Pascal akauliza kama vyakula virudishwe, kwa kuwa marehemu anakula. Hélène akasema sombe imeshaiva, haijali nani amekufa. Tukala. Tukacheza. Pascal alicheza, na anajua!

Papa hakucheza. Aliinama mbele ya preampli, mikono nyuma, akaangalia zile lampe muda murefu. Nikangoja makelele. Akasema diske hii iko nayo miaka makumi tatu, na leo njo anasikia mupiga gitare anakohoa, pale, mbele ya kiitikio. Akarudisha sindano. Akasikia tena ile kikohozi. Akaita watu waje kuisikia. Akavuta kiti, akakaa.

Juu ya kostime alisema neno moja tu: kesho.


Siku ya kwanza, tarehe 10

Kesho ilifika.

Papa na Delphin walikaa chini ya bashe saa nzima. Wamepatana hivi: preampli inabaki. Kostime inaenda ku ndoa ya Elsa siku ya mposho, kisha inarudi mu sanduku. Na Papa ataenda ku ndoa vilevile, kukaa karibu nayo. Eti akiona mafuta ya kuku inaikaribia, atasimama.

Miye nimeapa mbele ya Pascal. Sitatoa tena kitu ya Papa bila kumuuliza. Sitafanya tena siri. Nimeapa na mukono juu, na kweli moyoni nilikuwa ninaapa vilevile.

Nikawasha simu. Abigaël, mutoto yetu wa kwanza, aliita kutoka Lubumbashi mara makumi ine. Alikuwa ameshafunga mizigo ya kuja kwa kilio. Nilimupatia baba yake aongee, mutoto akasema sauti inafanana, lakini ataje kwanza jina la mbuzi wetu wa zamani. Papa akataja mbuzi. Mutoto akalia, akacheka, akanigombeza.

Lakini angalia. Habari ilitoka mu parsele yangu, ikafika Lubumbashi, na miye sijafungua kinywa! Sijawahi kufika mbali hivi nikiongea.

Na jana tu, mu saa moja, watu wanangoja sahani, nilipata habari kumi na ine mupya. Mbili ni za Hélène.

Hélène alipita asubuhi kuchukua sufuria. Akauliza, sawa anauliza juu ya mvua, kama siku ya Mungu inayokuja tutaweka ile ya kikohozi. Nikamujibu viti iko. Akasema ataleta yake, kama zingine zilivunjika.

Ataleta kiti yake! Kwangu!


Siku ya tatu, tarehe 12

Delphin alipita kuangalia lampe zake. Alisikiliza, kichwa upande, akaguna. Nikamuuliza anaguna nini. Hakutaka kusema. Nikamupatia sahani ya bukari. Akasema.

Eti preampli ni muzuri, hakuna neno. Lakini nyuma yake iko ampli ya kawaida. Preampli inapika sauti ya moto, ampli inaipokea na mikono ya baridi. Kama ampli nayo ingekuwa ya lampe! Lampe ine, kubwa, kila moja sawa chupa ya Fanta. Hapo hatutasikia tu kikohozi. Hapo tutajua alikohoa sababu ya nini!

Yeye iko nazo ine. Kwa nyumba yake. Mu boksi ya karato, chini ya kitanda.

Fedha hataki. Anasema iko na shida moja ndogo. Siku ya mposho ataingia ku ndoa ya binti yake na kostime ya maroni, na chini, malapa.

Nikamuuliza nambari ya muguu wake, hivi-hivi tu. Makumi ine na mbili.

Papa Sébastien, makumi ine na mbili. Viatu nyeusi vya kamba. Amevivaa mara mbili.

Nimeapa, ndiyo. Lakini niliapa juu ya vitu vya sanduku, na viatu vinakaa chini ya kitanda.

Papa anarudi Mpala kesho kumaliza ile paa. Atashuka boti siku ya mposho asubuhi, ataenda ku ndoa toka port, moja kwa moja. Nimemufungia muzigo miye mwenyewe. Alitafuta viatu. Nikamwambia viatu ni vizito kwa boti, aende na malapa, nitamupelekea ku ndoa. Akasema aksanti.

Na sasa dawa ninaijua. Ni kunyamaza. Hata Cécile sitamwambia. Nilimwambia tu muntu wa mbuzi, na yeye hakai kartie hii.

Bashe sijarudisha, ikae. Kesho, boti ikitoka tu, ninapeleka viatu kwa Delphin. Nimeshavifunga mu shuka nyeupe, sababu ya vumbi.